Thatcher akiongoza chama alishinda chaguzi kuu 3 na hakushindwa hata mmoja. Nani alimtoa Novemba 1990?

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni.

Margaret Thatcher alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia tarehe 4 Mei 1979 hadi 28 Novemba 1990. Miaka 11 na nusu. Karne nzima ya 20 hakuna mwingine aliyekaa muda mrefu kiasi hicho. Alishinda uchaguzi mkuu wa 1979, wa 1983 na wa 1987, na siku anaondoka chama chake cha Conservative bado kilikuwa na wabunge wengi kuwapita wapinzani wote kwa pamoja. Wananchi hawakumtoa. Bunge halikupitisha kura ya kutokuwa na imani naye. Waliomtoa ni wabunge wa chama chake na mawaziri aliowateua kwa mkono wake, na kuanzia hotuba iliyowasha moto hadi tangazo la kujiuzulu zilipita siku 9 tu.

Maelezo yanayosambaa ni mawili: kuna wanaosema kodi ya kichwa ndiyo iliyommaliza, na kuna wanaosema ni mvutano kuhusu Uingereza kushirikiana na Ulaya. Yote yana ukweli ndani yake. Hoja yangu mimi ni kwamba alitolewa na watu. Kwa miaka 11 alifukuza, aliudhi na kuwapita watu wengi sana, na watu hao hawakwenda kokote, walibaki bungeni nyuma ya mgongo wake. Huku wale wachache walioweza kumwambia hapana uso kwa uso wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Kodi na Ulaya zilikuja kumkuta hana mtu.

Kwa wasioufuatilia mfumo wao: Mwingereza hampigii kura Waziri Mkuu. Anampigia mbunge wa jimbo lake, na kiongozi wa chama chenye wabunge wengi ndiye anayeunda serikali. Chama kikibadilisha kiongozi katikati ya muhula, nchi inaamka na Waziri Mkuu mpya bila uchaguzi. Sisi rais tunampigia wenyewe, ndiyo maana habari hii huwa inatushangaza. Thatcher mwenyewe aliingia kwa mlango huohuo. Februari 1975 alimpinga kiongozi wa chama, Edward Heath, aliyekuwa amepoteza chaguzi mbili ndani ya mwaka 1974, akamshinda raundi ya kwanza kwa kura 130 dhidi ya 119. Heath akajitoa.

Sasa tuangalie watu. Septemba 1981 alifanya mabadiliko ya baraza la mawaziri na kuwatoa kina Ian Gilmour na Christopher Soames, waliokuwa wakipinga sera zake za uchumi. Baada ya uchaguzi wa 1983 akamtoa Francis Pym, aliyekuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje wakati wa vita vya Falklands dhidi ya Argentina. Januari 1986 Michael Heseltine, Waziri wa Ulinzi, aliinuka katikati ya kikao cha baraza akatoka nje na kujiuzulu, kwa sababu ya mvutano kuhusu kampuni ya helikopta ya Westland. Kufika Novemba 1990, katika baraza lote la mwaka 1979 alikuwa amebaki mtu mmoja tu mbali na yeye mwenyewe: Geoffrey Howe.

Na huyu Heseltine msimsahau. Kwa karibu miaka 5 baada ya kutoka serikalini alizunguka nchi nzima akihutubia matawi ya chama, akila chakula cha jioni na wanachama wa majimbo madogo, akiwasaidia wabunge wenzake kampeni. Alikuwa anajenga watu wa kumuunga mkono.

Aliyekuwa muhimu zaidi kwa Thatcher ni William Whitelaw. Huyu ndiye aliyeshindwa na Thatcher katika raundi ya pili ya 1975, kisha akawa msaidizi wake mwaminifu kuliko wote. Alikuwa anasikiliza manung'uniko ya wabunge, anayachuja, halafu anaingia ofisini kwa mama na kumwambia hili litaleta shida. Desemba 1987 alipata kiharusi, Januari 1988 akaacha kazi. Ukipanga matukio yote mabaya ya Thatcher kwa tarehe, mengi yako baada ya Januari 1988. Kwangu mimi hiyo si bahati mbaya.

Mchangiaji wa Mwanza:

Mkuu, kodi ya kichwa unaipita haraka mno. Watu waliandamana London mpaka magari yakachomwa. Wazee wetu huku walikuwa wanakimbilia porini kukwepa kodi ya kichwa ya mkoloni, kwa hiyo naelewa kabisa hasira ya Mwingereza wa kawaida. Mimi naona hiyo peke yake inatosha kuangusha serikali.

Mleta mada:

Siipiti mkuu, nilikuwa naielekea, na ina mambo mengi.

Zamani halmashauri za Uingereza zilikuwa zinatoza kodi kwa nyumba, kulingana na thamani yake ya pango. Serikali ya Thatcher ikaifuta hiyo na kuweka kiwango kimoja kwa kila mtu mzima katika eneo la halmashauri. Kwa hiyo bwanyenye anayeishi kwenye jumba la kifahari analipa sawasawa na mfagiaji wa barabara iliyo mbele ya jumba hilo. Familia yenye watu wazima wanne kwenye nyumba finyu inalipa mara nne. Wasio na kazi walipunguziwa, ila hata wao walitakiwa kutoa asilimia 20. Scotland ilianza tarehe 1 Aprili 1989, England na Wales tarehe 1 Aprili 1990. Maandamano unayoyasema ni ya Trafalgar Square tarehe 31 Machi 1990, siku moja kabla.

Lakini angalia jambo hili. Nigel Lawson, Waziri wake wa Fedha, alimwandikia mwaka 1985, kabla ya sheria kutungwa, kwamba kodi hiyo haitekelezeki na kisiasa itakuwa janga. Waziri wa Fedha huyo, siyo mwanaharakati wa mtaani! Akapuuzwa. Baadaye, bili zilipotoka juu kuliko serikali ilivyokuwa imekadiria, hakuna waziri aliyekuwa tayari kuingia na kumwambia turudi nyuma, kwa sababu kila mmoja alijua mama ameshaifanya kuwa kodi yake binafsi.

Sasa wabunge. Tarehe 22 Machi 1990 kulikuwa na uchaguzi mdogo Mid Staffordshire. Jimbo la Conservative, Labour, chama kikuu cha upinzani, wakalichukua, kura zikihama kwa takriban asilimia 21. Halafu Eastbourne. Mbunge wa pale, Ian Gow, rafiki wa karibu wa Thatcher na aliyewahi kuwa msaidizi wake bungeni, aliuawa na bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, tarehe 30 Julai 1990. Kwa kawaida msiba wa namna ile unakipa chama huruma ya wapiga kura. Tarehe 18 Oktoba chama kidogo cha Liberal Democrats wakalibeba jimbo ambalo Conservative walikuwa wamelishinda kwa tofauti ya karibu kura 17,000. Mbunge mwenye tofauti ya kura 5,000 akisoma matokeo hayo asubuhi kwenye gazeti, anajua kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kodi iliwatia hofu. Ila hofu peke yake haimtoi kiongozi. Inahitaji mtu wa kujitokeza na mtu wa kumfungulia mlango.

Mchangiaji wa Birmingham:

Nilikuwa mwanafunzi huku wakati huo. Kodi sisi wanafunzi tulilipa ile asilimia 20, tukalalamika, tukaendelea na maisha. Lakini familia niliyopanga kwao chumba walikuwa watu wa Conservative damu, na sikuwahi kuwasikia wakizungumzia Ulaya. Walizungumzia riba. Riba kila siku. Walikuwa wamenunua nyumba yao kutoka halmashauri, na malipo ya mkopo yaliwafanya wachukue wapangaji. Thatcher walimpenda sana, na ndiyo maana walijisikia kuachwa.

Mleta mada:

Asante sana ndugu, hilo ni jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu anguko lake hulitaja kwa sentensi moja.

Sheria ya Makazi ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei iliyopunguzwa sana, na zaidi ya nyumba milioni 1 ziliuzwa katika enzi yake. Hao ndio wapiga kura wapya aliowapata. Sasa Uingereza mikopo mingi ya nyumba ilikuwa na riba inayopanda na kushuka. Mei 1988 riba ya msingi ilikuwa asilimia 7.5. Oktoba 1989 ikafika 15, ikakaa hapo mwaka mzima. Na vuli ya 1990 mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.9, juu kidogo ya ule alioukuta alipoingia mwaka 1979. Mtu aliyejenga jina lake lote kwa ahadi ya kuua mfumuko wa bei! Kwa miaka 10 wananchi walivumilia ukosefu wa ajira na viwanda kufungwa kwa kuambiwa kwamba dawa inafanya kazi. Mwaka wa 11 wakaona ugonjwa umerudi palepale.

Sasa niende kwa Howe, maana hapa ndipo penyewe.

Geoffrey Howe alikuwa Waziri wake wa Fedha miaka ile migumu ya mwanzo, 1979 hadi 1983, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 6. Mpole, sauti ya chini, mtu wa kufuata taratibu. Mwaka 1978 Denis Healey wa Labour aliwahi kusema kwamba kushambuliwa na Howe ni sawa na kuumwa na kondoo mfu, na Bunge zima likacheka. Wengi walioandika kumbukumbu za baraza lile wanakubaliana kwamba Thatcher alikuwa anamkaripia mbele ya wenzake, tena mara nyingi.

Juni 1989, kabla ya mkutano wa viongozi wa Ulaya mjini Madrid, Howe na Lawson walimwendea pamoja wakamwambia kwamba asipoweka masharti ya wazi ya Uingereza kujiunga na mfumo wa Ulaya wa viwango vya kubadilishia fedha, watajiuzulu wote wawili. Aliweka masharti. Lakini hakusamehe. Mwezi uliofuata akamwondoa Howe Mambo ya Nje na kumpa kazi ya kuongoza shughuli za serikali bungeni, pamoja na cheo cha Naibu Waziri Mkuu ambacho ofisi yake mwenyewe iliwaeleza waandishi kwamba hakina uzito. Tarehe 26 Oktoba 1989 Lawson naye akaondoka, kwa sababu Thatcher alikataa kuachana na mshauri wake wa uchumi, Alan Walters, aliyekuwa akiipinga hadharani sera ya Waziri wa Fedha. Siku hiyohiyo Walters naye akajiuzulu. Kwa hiyo alipoteza wote wawili kwa siku moja.

Onyo la kwanza lilikuja Desemba 1989. Mbunge asiyejulikana sana, Sir Anthony Meyer, alijitokeza kumpinga kwenye uongozi wa chama, na wabunge wa chama wakapiga kura. Thatcher akapata 314, Meyer 33. Watu walisherehekea. Lakini ukijumlisha na waliokataa kuchagua upande, wabunge 60 wa chama chake walishindwa kumpa kura dhidi ya mtu ambaye hakuna aliyetaka ashinde. Kura 60 za aina hiyo zilipaswa kumkosesha usingizi.

Tarehe 30 Oktoba 1990, akitoka kwenye mkutano wa Roma, alisimama bungeni kuzungumzia mipango ya Jacques Delors, rais wa Kamisheni ya Ulaya, ya kuyapa nguvu zaidi Bunge la Ulaya na Kamisheni. Akajibu: "Hapana. Hapana. Hapana." Howe alikuwa ameketi karibu naye. Siku mbili baadaye akajiuzulu.

Tarehe 13 Novemba Howe akatoa hotuba yake ya kujiuzulu. Kamera za televisheni zilikuwa zimeruhusiwa kwenye ukumbi ule mwaka mmoja tu uliopita, kwa hiyo nchi nzima iliiona. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba mawaziri wanaotumwa kujadiliana Ulaya ni kama wachezaji wa kriketi wanaoingia uwanjani na kugundua kwamba magongo yao yamevunjwa na nahodha wa timu kabla mchezo haujaanza. Mwishoni akasema yeye amepambana na mgongano huu wa utii kwa muda ambao pengine ulikuwa mrefu mno, na sasa ni zamu ya wengine kufikiria wafanye nini. Wabunge walikaa kimya kabisa. Thatcher alikuwa pale mbele yake, amekaza uso.

Asubuhi yake Heseltine akatangaza kugombea uongozi wa chama. Yule aliyeondoka 1986 akakutana na yule aliyeondoka 1990, na hao ndio mtu wa kujitokeza na mtu wa kufungua mlango niliowasema.

Mchangiaji wa Mombasa:

Kaka hebu nieleweshe hapa. Nimesoma kwamba raundi ya kwanza Thatcher alipata 204 na Heseltine 152. Huyo si ameshinda? Mbona akaondoka?

Mleta mada:

Swali zuri. Kanuni za chama zilitaka mshindi apate wingi wa kura na pia ampite mwenzake kwa asilimia 15 ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Walikuwa 372, kwa hiyo tofauti iliyotakiwa ni kura 56. Yeye alipata tofauti ya 52. Wabunge 16 hawakuchagua yeyote. Kama wawili tu wangetoka kwa Heseltine na kuhamia kwake, angekuwa ameshinda siku hiyohiyo.

Na kura hizo mbili zilikuwepo. Kampeni ya Thatcher aliachiwa Peter Morrison, msaidizi wake bungeni, aliyehesabu ahadi za mdomo kana kwamba ni kura. Heseltine alikuwa anapita kwenye korido na vyumba vya chai akizungumza na mbunge mmoja mmoja, akiahidi kuipitia upya kodi ya kichwa. Thatcher siku ya kura, tarehe 20 Novemba, alikuwa Paris kwenye mkutano mkubwa wa usalama wa Ulaya ulioadhimisha kumalizika kwa Vita Baridi. Aliona ni jambo lililo chini ya hadhi ya Waziri Mkuu kuomba kura kwa watu aliowaongoza kwa miaka 15. Mimi binafsi namhurumia hapo, maana kazi aliyokuwa akiifanya Paris ilikuwa kubwa kweli. Ila wabunge walitaka kuonekana.

Jioni ile akatoka nje ya ubalozi wa Uingereza mjini Paris na kuwaambia waandishi kwamba ataingia raundi ya pili. Kesho yake London akasema anaendelea kupigana na anapigana ili ashinde. Halafu akafanya kosa ambalo mpaka leo linajadiliwa: badala ya kuliita baraza lote kwa pamoja, aliwaita mawaziri mmoja mmoja chumbani kwake bungeni. Kikao kizima kingeweza kuona aibu kumkana usoni. Mmoja mmoja, kila mtu alikuwa huru. Kenneth Clarke alimwambia wazi kwamba hawezi kushinda na asiendelee. Walio wengi walisema maneno yanayofanana: mimi nitakuunga mkono, lakini utashindwa. Usiku huo mumewe, Denis, naye akamshauri aache. Asubuhi ya tarehe 22 Novemba akalitangazia baraza kwamba anajiuzulu.

Mchana huohuo, Labour chini ya Neil Kinnock walikuwa wameleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Thatcher akasimama na kuhutubia kwa nguvu, kwa raha, akiwajibu wapinzani mmoja mmoja. Wabunge wale wale waliomtoa wakamshangilia, na serikali ikashinda kura ile kwa urahisi.

Mchangiaji wa Nairobi:

Na mbona hamzungumzii kwamba alikuwa mwanamke katikati ya wanaume waliosoma shule moja na kunywa kwenye klabu moja? Wanaume walimvumilia akiwaletea ushindi, akateleza kidogo wakamla.

Mleta mada:

Dada, sitalikataa. Dharau ya aina hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini yeye mwenyewe, kwa miaka 11 na nusu, alimweka mwanamke mmoja tu kwenye baraza, Baroness Young, kati ya 1981 na 1983. Novemba 1990 wote walioingia chumbani kumwambia aondoke walikuwa wanaume, na wote aliwachagua yeye. Heath aliyekuwa mwanaume alitolewa na wabunge wa chama hichohicho kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo naona jinsia iliongeza uchungu, haikuwa chanzo.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:

Mkuu, hoja yako inafanya kazi kwa Blair pia? Maana naye alishinda mara tatu.

Mleta mada:

Kwa sehemu. Tony Blair, Waziri Mkuu wa Labour 1997 hadi 2007, alipoteza imani ya wengi kwa vita vya Iraq, lakini kilichomfunga mikono ni tangazo lake la mwaka 2004 kwamba hatagombea muhula wa nne. Kuanzia hapo kila mbunge wa Labour alikuwa anamwangalia Gordon Brown, Waziri wake wa Fedha. Septemba 2006 waziri mdogo mmoja na wabunge kadhaa waliokuwa wasaidizi wa mawaziri wakajiuzulu kumshinikiza, akalazimika kutamka kwamba ataondoka ndani ya mwaka. Anayefanana zaidi na Thatcher kwenye suala la kuzalisha majeruhi ni Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Conservative, aliyefukuza mawaziri 7 wa baraza kwa mpigo Julai 1962, na mwaka uliofuata, kashfa ya Waziri wake wa Vita, John Profumo, ilipoibuka na afya ikamsumbua, hakuwa na wengi wa kumtetea.

Mchangiaji wa Mwanza:

Sawa, nimekuelewa. Swali la mwisho: kama Heseltine ndiye aliyefanya kazi yote, mbona hakupata kiti?

Mleta mada:

Kwa sababu Thatcher alipojitoa, hesabu ilibadilika kabisa. Wengi waliompigia Heseltine walikuwa wanapiga kura ya kumtoa mama. Alipotoka, hawakumhitaji tena, na wale wanaompenda Thatcher walikuwa tayari kumpa yeyote isipokuwa aliyempinga. John Major, Waziri wa Fedha mwenye miaka 47 tu, hakuwa na maadui, na Thatcher mwenyewe alimuunga mkono. Tarehe 27 Novemba Major akapata 185, Heseltine 131, na Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, 56. Angalia hiyo 131: ni pungufu ya kura 21 kuliko alizopata dhidi ya Thatcher mwenyewe. Major alikuwa amebakiza kura 2 kufikia wingi kamili, ila wenzake wakajitoa jioni ileile. Heseltine akapewa Wizara ya Mazingira, iliyosimamia halmashauri, na kazi yake ya kwanza ikawa kuiondoa kodi ya kichwa. Kodi mpya iliyorudi kwenye thamani ya nyumba ikaanza Aprili 1993, na ndiyo wanayolipa hadi leo.